Somo: Kupima kalsiamu ndani ya seli hai kwa Fura-2

Fura-2 ni rangi inayong'aa ikimulikwa, nayo hupima kalsiamu huru iliyomo kwenye saitoplazimu. Seli iliyotulia huwa na takriban nanomola 100, ilhali nje yake kuna milimola 1 hadi 2. Roger Tsien na wenzake waliitangaza rangi hii mwaka 1985, na bado inatumika kwa sababu husomwa kwa uwiano: ikishika kalsiamu hung'aa zaidi ikimulikwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, isiposhika hung'aa zaidi kwa 380. Mwanga wake hupokewa karibu na 510. Ukigawanya 340 kwa 380, unene wa seli na wingi wa rangi havisumbui hesabu tena.

1. Kioo na bafa. Otesha seli juu ya kioo chembamba namba 1.5. Plastiki hunyonya mwanga wa 340, na lensi nyingi pia, kwa hiyo hakikisha yako inapitisha urujuanimno. Bafa (myeyusho wa kuweka seli), kwa milimola: NaCl 140, KCl 5, CaCl₂ 2, MgCl₂ 1, glukosi 10, HEPES 10, pH 7.4. Usitie seramu. Ina esterasi, yaani vimeng'enya vinavyokata esta, zinazokata Fura-2 AM (umbo la esta la rangi hii, linaloweza kupenya utando wa seli) ikiwa bado nje, na ikishakatwa haiingii tena.

2. Kupakia rangi. Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia. Yeyusha mikrogramu 50 za Fura-2 AM kwenye mikrolita 50 za DMSO (kiyeyushi) kavu. Unapata milimola 1. Kwa kila mililita ya bafa chukua mikrolita 2 za rangi, changanya kwanza na mikrolita 1 ya Pluronic F-127 (aina ya sabuni laini inayosaidia rangi kutawanyika majini) ya asilimia 20, ndipo umimine bafa huku ukitikisa. Ukiruka Pluronic, rangi huganda na kuonekana kama vumbi linalong'aa juu ya seli. Acha dakika 30 gizani, kwenye joto la chumba. Osha mara mbili, kisha subiri dakika 30 nyingine ili esterasi za ndani zimalize kukata esta. Usiifupishe subira hii: rangi ambayo haijakatwa hung'aa bila kujali kalsiamu.

3. Kupima. Chukua picha za 340 na 380 kwa kufuatana. Toa mwanga wa usuli kwenye kila picha kabla ya kugawanya, usingoje baadaye.

4. Kupata nanomola. Uwiano peke yake si kiasi cha kalsiamu. Mwisho wa jaribio tia ionomaisini, inayopitisha kalsiamu kwenye utando wa seli, mikromola 5 pamoja na kalsiamu milimola 10. Hiyo ni Rmax, uwiano wa juu kabisa. Kwenye kioo kingine tia ionomaisini na EGTA (hunyakua kalsiamu) milimola 10 bila kalsiamu, rekebisha pH. Hiyo ni Rmin, uwiano wa chini kabisa. Kisha:

kalsiamu = Kd × β × (R − Rmin) ÷ (Rmax − R)

R ni uwiano wa 340 kwa 380 uliopima. Kd ni kiasi cha kalsiamu ambacho nusu ya rangi huwa imeishika. β ni mwanga wa 380 bila kalsiamu ukigawanywa kwa mwanga wa 380 kalsiamu ikiwa imejaa. Tuseme R ni 0.8, Rmin 0.4, Rmax 6, β 6. Ukitumia Kd ya 145 (nyuzi 22) unapata nanomola 67; ukitumia 224 (nyuzi 37) unapata 103. Picha ni zilezile! Andika joto ulilopimia, daima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, seli zangu zina madoadoa badala ya kung'aa sawasawa.*
Rangi imeingia kwenye mitokondria na vifuko vingine, ndugu yangu. Ulipakia kwa nyuzi 37? Rudi kwenye joto la chumba na ushuke hadi mikromola 1. Kuhakiki, tia dijitonini kidogo, inayotoboa utando wa nje wa seli: rangi ya saitoplazimu hutoka, ya kwenye vifuko hubaki.

*Mwanga unafifia kabla jaribio halijaisha, kwa 340 na kwa 380.*
Ama seli zinaitoa rangi nje, ama taa inaichosha. Funga taa dakika chache bila kupiga picha. Ukikuta mwanga umeshuka vilevile, seli ndizo zinazoitoa: tia probenesidi, inayozuia utoaji huo, milimola 1 hadi 2.5. Iyeyushe kwanza kwenye NaOH, halafu urudishe pH 7.4.

*Nawapa niuroni zinki, uwiano unapanda. Niandike kuwa ni kalsiamu?*
Usiandike bado, dada. Fura-2 hushika zinki kwa nguvu kuliko kalsiamu. Tia TPEN mikromola 20, ambayo hunyakua zinki na karibu haigusi kalsiamu ya saitoplazimu. Uwiano ukishuka mara moja, ulikuwa unapima zinki.