Kuunganisha betri mbili za sola bila kuziharibu

Mwenye betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100, anaweza kuziunganisha kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, akapata volti 24 na ampea-saa zile zile 100. Au kwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akapata volti 12 na ampea-saa 200. Akiba ya umeme ni ile ile. Fuata volti ambazo inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) na kidhibiti chaji chako (kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) vinakubali, ila kama bado hujavinunua, ningekushauri uchague 24, kwa kuwa mzigo wa wati 1,000 huvuta takribani ampea 83 kwenye volti 12 na nusu yake tu kwenye 24, na ampea zikipungua waya haupati joto sana.

Betri ziwe za aina, ukubwa na umri mmoja. Kabla ya kuzifunga sambamba, chaji kila moja peke yake hadi ijae, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha uzipime. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7, nyingine ikisoma 12.2, usizifunge, kwa sababu iliyojaa itamiminia mwenzake umeme kwa nguvu mara tu waya utakapogusa.

Vua pete na saa, vaa miwani ya kinga, na uizungushie spana utepe wa umeme hadi ibaki mdomo tu, maana spana tupu ikilalia chanya na hasi kwa pamoja hupiga shoti ya kuyeyusha chuma. Chumba kipitishe hewa: betri ya asidi inapochajiwa hutoa hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo.

Katika sambamba, hata mafundi wazoefu hukosea kwa kufunga nyaya zote mbili za inveta kwenye betri ya kwanza, ambayo basi hufanya kazi kubwa kuliko ya pili na kuchakaa mapema. Toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho. Kila betri iwe na fyuzi yake karibu na ncha chanya; katika mfululizo, moja inatosha.

Pima tena kabla ya kufunga kifaa chochote: mfululizo usome karibu 25.4, sambamba 12.7. Kidhibiti chaji kifungwe kwanza kwenye betri, paneli baadaye. Inveta ikitoa cheche moja ndogo waya unapogusa, usishtuke, mradi chumba kinapitisha hewa. Ni kapasita zake, yaani vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme kidogo, zinajaa.