Krimpi ya kisasa: vile ya kuitia ikashika hata kwa hili joto la Mombasa

Krimpi, zile nywele za mikunjo mikunjo zinazobanwa na pasi ya meno, imerudi mjini na safari hii imekuja na wenyewe. Anaekaa kwenye kiti changu ni msichana wa chuo na picha yake kwenye simu, anaemsindikiza ni mamake aliewahi kuzivaa enzi zake, na wote wawili wanauliza swali moja, zitafika ukumbini zikiwa hivi hivi ama zitafura njiani? Zitafika, ukizifanya sawa. Naandika hapa vile nafanya saluni, ujifanyie nyumbani au umfanyie nduguyo.

Kidogo tu kuhusu zilikotoka. Pasi ya krimpi ilitengenezwa Marekani mwaka 1972 na Geri Cusenza, yule wa kampuni ya bidhaa za nywele ya Sebastian, kwa ajili ya nywele za mwimbaji Barbra Streisand, na miaka ya 80 ndio ikavuma kila mahali. Wakati huo mikunjo ilikuwa kichwa kizima, kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani, midogo midogo, imepuliziwa spreyi mpaka nywele zimesimama. Ukiiga vile vile hapa pwani utatoka na kichaka. Krimpi ya kisasa uzuri wake uko pale unapoacha: mashina laini, ncha zimenyooka, mikunjo iko katikati na ni mipana kidogo, ama ni vipande vichache tu kwenye kichwa kilicholala vizuri. Mimi naiona imeipita ile ya zamani mana uso unaonekana na mikunjo yenyewe pia inaonekana.

Vifaa

Pasi ya krimpi yenye kipimo cha joto, hilo sina mjadala nalo. Zile za swichi moja ya kuwasha na kuzima hujui inachoma kwa digrii ngapi. Angalia pia maandishi kwenye mkono wake, stima yetu ni volti 240, na pasi iliyotumwa na shangazi kutoka Marekani nyingi ni za volti 110 mpaka 120, ukibadilisha plagi tu ukachomeka itaungua papo hapo. Vibao vyake viko vya saizi tofauti: vyembamba sana ni vya kujaza nywele tu, vya kati ndio krimpi yenyewe, na vipana vinatoa mawimbi. Kama unanunua moja nunua ya kati.

Vingine: blodraya, kichana cha mkia, vibanio vikubwa vya kugawia, pasi ya kunyoosha ya kumalizia ncha, spreyi ya kukinga joto na ya kushikilia, siramu kidogo, na kitambaa cha satini. Basi.

Hatua ya 1: Osha, na mafuta ya nazi yaweke mahali pake

Najua kila nyumba hapa ina chupa ya mafuta ya nazi na mimi nayapenda sana, lakini yanakwenda kabla ya kuosha, sio kabla ya pasi. Yapake usiku au saa moja kabla ya shampuu, yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ila yakibaki kwenye nywele halafu ukaweka pasi, mafuta ya nazi yale ya nyumbani huanza kutoa moshi kwenye digrii kama 175 hivi, sasa hapo unakaanga. Kwa hivo shampuu mara mbili mpaka nywele zilie ukizivuta, kondishona ncha tu, suuza vizuri. Kondishona ikibaki kwenye mashina krimpi inalala kabla hujamaliza upande wa pili.

Hatua ya 2: Kausha mpaka kisogoni

Hii ndio hatua watu wanairuka na ndio inayoamua kila kitu, nisikilizeni. Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo sana vya hidrojeni vinavyoshikilia umbo lake, maji na joto vinavifungua na zikikauka na kupoa vinajifunga upya kwenye umbo lolote lile uliloziacha nalo. Ndio mana pasi inafanya kazi. Na ndio mana pia krimpi inakufa Mombasa, hewa yetu ina unyevu ambao mara nyingi unapita asilimia 70, ule unyevu unaingia kwenye unywele na kuvifungua tena vile vifungo polepole. Sasa kama umeanza na nywele zenye maji ndani yake umeshashindwa kabla ya kutoka mlangoni.

Nywele za kipilipili zinyooshe na blodraya kwa mafungu, kutoka nchani kwenda juu, mpaka kichana kipite bila kukwama. Nywele za dawa na za singa zinakauka haraka lakini usidanganyike na juu. Weka mgongo wa mkono wako kisogoni, pale chini kabisa shingo inapoanza. Pale pana jasho, na hata nywele zikiwa zimekauka kote pale panabaki pabichi. Ukisikia ubaridi bado. Mimi naelekeza feni shingoni kwa mteja na namkaushia pale mwisho tena mara ya pili, kisha naendelea.

Hatua ya 3: Gawa, na uamue pa kuacha

Pasua njia kwanza, ya katikati ndio inabeba mtindo huu vizuri zaidi ila ya pembeni pia sawa kwa mwenye uso mrefu. Halafu gawa kichwa mafungu manne, bana juu matatu, anza na la nyuma chini. Kila kipande unachochukua kiwe chembamba kuliko kibao cha pasi na kisiwe kinene, ukikishika kwa vidole unaona mwanga unapita. Kipande kinene kinapata mikunjo nje na ndani kimenyooka, dakika kumi tu kishafumuka.

Sasa amua kabla hujawasha pasi. Kuna njia tatu nazifanya sana. Ya kwanza ni mikunjo ya katikati: unaacha vidole vitatu kutoka kwenye ngozi na vidole vitatu nchani. Ya pili ni ya kujificha, unakunja tabaka la chini tu kwenye mashina kwa kibao chembamba, tabaka la juu unalilaza limenyooka, hakuna anaejua ila nywele zinaonekana nyingi mara mbili, hii nzuri sana kwa wenye nywele nyepesi. Ya tatu umezifunga mkia chini, mbele pamelala na jeli, halafu ule mkia ndio unakunjwa. Ntaeleza ya kwanza, ukiiweza hizo nyingine zinakuja zenyewe.

Hatua ya 4: Pasi

Spreyi ya kukinga joto kila kipande, kisha chana, kisha subiri ikauke. Joto, kwa digrii za Selsiasi: nywele nyembamba, za singa au zilizotiwa rangi 150 mpaka 160, za dawa 170, za kipilipili nzito 180 mpaka 190. Juu ya 200 sipandi kwa nywele ya mtu yeyote. Wigi ya nywele za binadamu ifanye kama nywele zako, lakini ya plastiki soma kwanza lebo yake, nyingine zinayeyuka zikagandia kwenye vibao na hiyo pasi ndio basi tena.

Shika kipande kwa ncha ukivute kidogo kikae sawa, funga pasi pale ulipoamua kuanzia, hesabu moja mpaka nne polepole, fungua. Usiburute. Pasi ya kunyoosha inaburutwa, hii inabanwa na kuachiliwa. Ukisikia chwiii na ukaona mvuke, acha hapo hapo, kuna maji ndani, rudi kwenye blodraya.

Halafu shuka chini, na hapa ndio penye ufundi wote. Ule mkunjo wa mwisho uliotoka kwenye pasi, uingize tena kwenye meno ya kwanza ya pasi ndio ubane. Usiache nafasi na usiukanyage ukaupinda vingine. Ukiacha nafasi unapata mstari ulionyooka katikati ya mikunjo na unaonekana kutoka mbali, hasa kwenye picha za harusi zile za taa kali. Ukiwa peke yako upande wa nyuma tumia kidole, shika mkunjo wa mwisho kwa kidole na gumba, leta pasi mpaka iguse kidole, toa kidole, bana. Inachukua muda kuzoea lakini mikono inajifunza. Glavu ya kukinga joto kwenye mkono ule mwingine itakuokoa.

Nenda hivo mpaka vidole vitatu kabla ya ncha, simama. Hizo ncha zipitishie pasi ya kunyoosha mara moja tu ziwe kali. Vile zilivyonyooka chini ndio vinaipa krimpi sura ya leo.

Nywele za mbele karibu na uso ziache mwisho kabisa, na zianze chini kidogo, kwenye shavu. Kuna wateja wanataka zianzie juu kwenye paji, nawafanyia lakini roho haipendi, zinaufunika uso.

Hatua ya 5: Ziache zipoe

Usiziguse. Usizichane, usizitie siramu, usizipige selfi ukizirusha huku na huku. Mpaka zipoe kabisa, kwa saluni yenye AC ni kama dakika kumi, nyumbani na feni ongeza kidogo. Kumbuka vile vifungo vinajifunga wakati wa kupoa, sio wakati wa pasi. Tumia huo muda kupaka wanja.

Zikipoa, pitisha vidole, sio kichana. Tone moja la siramu viganjani, sugua mikono, paka juu juu na nchani. Siramu yenye silikoni inaufunika unywele na kuchelewesha unyevu, kwa hiyo hapa pwani haikosekani. Spreyi ya kushikilia pulizia kutoka mbali, urefu wa mkono, nyepesi.

Asumini ukiweka, weka mwisho ukishafika, na uyabane kwenye zile sehemu laini za juu. Maua mabichi yana maji, ukiyalaza juu ya mikunjo yanaifungua pale pale yalipogusa.

Kwa wanaovaa mtandio

Wengi wetu tunatoka na buibui na mtandio na nywele zinaonekana ndani ya ukumbi tu, kwa hivo hili ni muhimu. Zikusanye chini kisogoni zikiwa zimelegea, zungusha mara moja, funga na kibana laini cha satini, usikaze. Ndani vaa kofia ya satini sio ya pamba, pamba inazivuta na kuzisugua. Ukifika nenda kwenye kioo kabla hujavua, fungua, inamisha kichwa, tikisa mashina kwa vidole, inuka. Zinarudi. Na kama unavuka feri ya Likoni usizitoe mpaka uwe ng'ambo na umeingia ndani, ule upepo wa bahari umejaa unyevu.

Usiku na bila pasi

Kulala, zisuke misuko miwili mipana iliyolegea, funga satini. Asubuhi pulizia siramu kidogo, usirudie pasi, mimi kichwa cha mtu nakipiga pasi mara moja kwa wiki na sizidishi.

Watoto wadogo pasi hapana kabisa. Wao na yeyote anaezipumzisha nywele wafanye kama ilivyokuwa kabla ya pasi kuja: nywele zikiwa na unyevu kidogo tu, karibu kukauka, suka misuko mingi myembamba ya tatu tatu, lala nayo mbele ya feni, fumua asubuhi zikiwa zimekauka kabisa. Misuko myembamba inatoa mikunjo midogo, minene inatoa mawimbi. Anza kusuka vidole vitatu kutoka kwenye ngozi na uache ncha nje, utapata ile sura ya kisasa bila stima.

Ukizichoka zioshe tu, mikunjo yote inatoka na maji. Zisipotoka na unywele ukabaki na kona kona hata ukiwa umelowa, hapo zimeungua na hazirudi, hizo ncha zikate na joto ulishushe digrii 20 mara nyingine.