Somo: Kuondoa kuvu nyeusi kwenye mashine ya kufulia

Madoa meusi kwenye mpira wa mlango wa mashine mara nyingi ni kuvu, ambayo huweza kuingia na maji ya bomba. Hata mashine za kuoshea vyombo, ambazo nazo zina mpira wa mlango, hupata kuvu: watafiti wa Slovenia waliochunguza mashine 189 za aina hiyo kutoka nchi mbalimbali, na kuchapisha matokeo mwaka 2011, walikuta kuvu kwenye mipira ya asilimia 62 ya mashine hizo, nyingi zikiwa chachu nyeusi za jenasi Exophiala, ambazo huvumilia joto, chumvi na sabuni kali. Ndani ya maji ya bomba kuvu hizi huwa chache. Huongezeka zikipata mpira unyevu na mabaki ya sabuni, kisha hujifunika kwa utelezi unaozikinga.

Kwanza, chomoa waya wa umeme, funga bomba, kisha fungua mikunjo ya mpira na uisugue kwa mswaki mkuukuu, maji ya moto na sabuni mpaka utelezi wote utoke, kwa sababu dawa inayomwagwa juu yake huua tabaka la juu tu. Pili, toa kidroo cha sabuni ukisugue, pamoja na dari ya tundu lake, ambako wengi hawatazami kamwe. Tatu, safisha chujio. Nne, rudisha umeme na maji, kisha endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Tangu hapo, kila ukimaliza kufua, pangusa mpira na uache mlango wazi, kama hakuna mtoto mdogo wa kuingia humo. Hatua hii isiyogharimu hata shilingi ndiyo ninayoitegemea kuliko dawa zote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nichanganye siki na dawa ya klorini ili ipate nguvu?*
Hapana kabisa, ndugu yangu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

*Shikamoo mwalimu. Natumia maji ya kisima kupitia tangi. Nikitia klorini haitoshi?*
Marahaba. Klorini huua bakteria wengi, lakini spora za kuvu, yaani mbegu zake ndogo sana, huistahimili zaidi. Sugua kuta za tangi, ulifunike vizuri, na maji ya kunywa uyachemshe.

*Baba mkwe amepandikizwa figo. Je, kuvu hizi zitamdhuru?*
Mwenye afya njema kwa kawaida hadhuriki, ila dawa anazotumia mzee hushusha kinga. Mweleze daktari wake, na mashine ya vyombo ikimaliza kazi, asiifungue yeye wakati bado inafuka mvuke.