Taa mbili zikiwaka pamoja: kagua mgao wa breki kabla ya mteremko

Gereji yangu ipo Ruaha Mbuyuni, pale chini, ukimaliza mlima wa Kitonga. Dereva akiniambia, "Fundi, taa ya ABS imewaka lakini breki zinashika," swali langu la kwanza ni hili: na ile nyekundu ya breki? ABS ni mfumo unaozuia tairi zisifunge, yaani zisiache kuzunguka gari likiwa bado linakwenda; taa yake ni ya njano.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele na tairi za nyuma hubaki nyepesi. Zikibanwa na breki kwa nguvu nyingi zitafunga mapema, na nyuma ya gari itataka kuipita mbele. Hilux na Hiace za zamani zilikuwa na valvu yenye fimbo iliyoshikizwa kwenye ekseli ya nyuma; mzigo ukikandamiza, inaachia presha zaidi. Siku hizi kazi hiyo ya kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, inayoitwa EBD, hufanywa na kompyuta ya ABS. Inasoma mwendo wa kila tairi kwa sensa, na ikiona za nyuma zimeanza kuzidiwa inazuia presha yake isipande.

Njano ikiwaka peke yake, mara nyingi mgao huo bado upo. Zikiwaka zote mbili, chukulia mgao umekufa.

Anza na mepesi. Shusha hendibreki mpaka mwisho. Fungua boneti, tazama kopo la oili ya breki: iwe kati ya MIN na MAX. Ikiwa chini, usijaze tu ukaondoka. Ama pedi zimelika, ama panavuja. Chungulia kwa ndani kila tairi kama pamelowa. Jaza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya steringi ni mwiko kabisa, inavimbisha mipira yote ya mfumo.

Taa zikigoma kuzimika, sasa ni sensa. Pima kwa mashine inayosoma kodi, yaani namba za hitilafu. Kwa Toyota, C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi, kisha fuata waya wa sensa kwa vidole kuanzia kwenye habu hadi kwenye bodi. Futa matope na unga wa chuma kwenye ncha ya sensa. Masika yaliyopita ililetwa Noah tupu iliyogeuka mkia kwenye kona ya Kitonga. Ilisoma C0215. Waya ulikuwa umesuguliwa na tairi hadi shaba ikaonekana. Dereva alishangaa, maana hakuwa na mzigo. Lakini gari tupu ndilo nyuma yake hufunga haraka zaidi!

Ukimaliza, futa kodi hizo kwa mashine, zima, washa tena swichi. Taa zote mbili ziwake sekunde chache, kisha zizimike. Isipowaka hata kidogo, huenda mtu ameng'oa balbu kuficha ugonjwa. Nimelikuta hilo kwenye magari yaliyobeba watoto, na linaniuma sana. Ukinunua gari la mkononi, tazama hapo kwanza.

Kama ni lazima ulifikishe gari kwa fundi likiwa hivyo, weka gia ndogo tangu juu ya mlima, acha nafasi kubwa mbele yako, na ukanyage breki usukani ukiwa umenyooka, kabla ya kona.