Mafuta ya zeituni kwa sato wa kubanika
Ukitoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na sato wa nusu kilo, usimzamishe kwenye mafuta ya zeituni. Chupa ni ghali, na ule ukali mdogo wa kooni, ambao ndio uzuri wake, hupungua motoni. Kukaanga iachie alizeti.

Mbanike. Mpare magamba, mchane mistari mitatu kila ubavu, kisha mfute kwa kitambaa hadi akauke kabisa. Ngozi yenye maji ndiyo inayonata kwenye wavu na kuchanika. Mpake kijiko kimoja cha chakula cha zeituni, chumvi na kitunguu saumu. Makaa yawe yameshika majivu, bila miali, maana mafuta yakidondoka kwenye miali huwaka na kumwachia samaki uchungu wa moshi. Dakika 8 hivi kila upande. Nyama ikiachia mfupa, ameiva. Ndimu na kijiko cha pili mmwagie akiwa sahanini tayari, hapo ndipo harufu inapopanda.

Sehemu kubwa ya mafuta haya ni asidi ya oleiki, inayosaidia kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya yakichukua nafasi ya samli, si yakiongezwa juu yake: kijiko kimoja kina kalori kama 120. Chupa ikae kabatini, mbali na jiko na jua.