Kutumia Flashi ya Kielektroniki kwenye Kamera Kongwe ya Inchi 4 kwa 5

Mwongozo huu unaihusu Pacemaker Speed Graphic, kamera ya Kimarekani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1947, inayotumia filamu ya inchi 4 kwa 5, yenye lenzi ya Optar ya milimita 135 ndani ya shata (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) ya Graphex. Nimeuandika baada ya kumwelekeza mwenzangu aliyezoea kamera za dijitali.

Hatua ya 1. Funga kamera kwenye stendi, kisha lenga. Kamera hii ina shata mbili. Ile ya pazia, iliyo karibu na filamu, iache wazi kwenye alama ya T (shata hubaki wazi), kwa sababu mwanya wake hupita sehemu baada ya sehemu, na flashi ingeangaza kipande tu cha filamu.

Hatua ya 2. Weka shata ya lenzi kwenye X, alama ya flashi ya kielektroniki, si M. Alama ya M ni ya balbu za flashi za zamani, ambazo huhitaji takriban milisekunde 20 kufikia kilele cha mwanga. Kwa hiyo shata huwasha balbu kwanza, ndipo hufunguka. Flashi ya kielektroniki huwaka na kuzimika papo hapo, hivyo kwenye M mwanga wake huwa umekwisha kabla shata haijafunguka. Wengi hujaribu kupunguza kasi ya shata, lakini hilo halisaidii, kwa kuwa flashi imetangulia na kasi ndogo huchelewesha kufunga tu. Iwapo tatizo ni kinyume chake, yaani mguso wa ndani unaowasha flashi unachelewa, hapo kasi ndogo itakuokoa.

Usiiamini alama iliyoandikwa; shata hizi zimefunguliwa na mafundi wengi. Kabla ya kuweka filamu, toa kioo cha kulengea, fungua tundu la lenzi lote, elekeza kamera na flashi kwenye ukuta mweupe, kisha chungulia kwa nyuma huku ukifyatua. Anza na kasi kubwa kabisa, kwani ndiyo inayofichua kasoro. Ukiona duara kamili la mwanga, uko salama. Ukiona umbo la nyota, shata haikuwa imefunguka yote. Ukiona giza, rudia kukagua kidole cha kuchagulia X au M, kisha waya, kisha usafi wa miguso. Fyatua mara kadhaa, maana mguso mchafu hufanya kazi leo na kukataa kesho.

Hatua ya 3. Kwa kuunganisha waya wa flashi, Graphex nyingi zina vijiti viwili badala ya tundu la duara, basi nunua waya wenye kichwa kinacholingana. Mimi hupendelea waya kuliko redio (kifaa cha kuwasha flashi bila waya). Ukitaka redio, pima kwanza volti za flashi kongwe, kwani baadhi huzidi 200 na huweza kuiunguza.

Hatua ya 4. Gawanya namba elekezi ya flashi (namba inayoonyesha nguvu yake) kwa umbali wake hadi kwa mtu, upate ukubwa wa tundu la lenzi: 40 kwa mita 2.5 ni f/16. Ukiwa karibu, mvukuto (mfuko wa kukunja ulio kati ya lenzi na filamu) hurefuka na mwanga hupungua. Lenzi ikiwa milimita 190 kutoka kwenye filamu, 190 kwa 135 ni 1.4, zidisha kwa yenyewe upate 2, yaani unahitaji mwanga mara mbili, hivyo fungua hadi f/11.

Hatua ya 5. Vuta kibao cha kishikizo cha filamu, upige. Kwa vitu visivyosogea vinavyohitaji tundu dogo zaidi, zima taa zote, acha shata wazi kwenye T, kisha washa flashi kwa mkono: mara 2 kwa stopu moja (hatua moja ya tundu, inayopunguza mwanga kwa nusu), mara 4 kwa mbili, mara 8 kwa tatu. Njia hii hufaa pia shata isiyo na X, ila kwa picha ya mtu uwashe mara moja tu.