Ukuta wenye bawaba katikati: ukija New York, pita Storefront

Mgeni akinijia New York, kabla ya makumbusho makubwa humpeleka kwanza 97 Kenmare Street, kwenye ukumbi mdogo wa maonyesho ya sanaa na usanifu majengo uitwao Storefront for Art and Architecture. Kiingilio hakuna. Ni shirika lisilo la kibiashara, lililoanzishwa na Kyong Park mwaka 1982, na hapo Kenmare lipo tangu 1986.

Njoo wakati wa joto. Kukiwa na baridi mara nyingi ukuta wa mbele hufungwa, na ukuta huo ndio nusu ya safari yako. Angalia pia kwenye tovuti yao kama kuna maonyesho, maana baina ya onyesho na onyesho milango hufungwa wakipanga upya. Panda treni namba 6, shuka Spring Street, fuata Lafayette kuelekea kusini mpaka kibustani cha Petrosino. Umefika.

Usikimbilie kuingia. Simama ng'ambo ya barabara utazame. Ukuta una paneli 12, kazi ya mwaka 1993 ya msanii Vito Acconci na msanifu majengo Steven Holl. Baadhi hufunguka kama mlango. Nyingine hupinduka, sehemu ya juu ikaenda huku na ya chini ikatokeza kule, ikawa meza au kiti.

Mjomba wangu ni fundi wa milango, Mji wa Kale, Mombasa. Nilipomleta hakuuliza habari za picha. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa paneli polepole.

"Mwanangu, bawaba haiko ubavuni. Iko katikati."

"Naam, mjomba."

"Basi ukifungua, nusu inaingia ndani na nusu inatoka nje."

Akaketi hapo hapo, mguu mmoja ukumbini na mwingine njiani, kama yuko barazani kwake. Nawe fanya vivyo hivyo.

Kisha ingia. Ukumbi una umbo la kabari: urefu karibu mita 30, upana kama mita 6 upande mmoja, na ncha ya pili haizidi mita moja. Begi kubwa liache nyumbani. Tembea hadi kule kwenye ncha, ugeuke, utazame onyesho zima kutoka hapo huku watu wa barabarani wakipita kwenye mianya ya paneli. Nusu saa yatosha. Mjomba alikaa saa mbili.